UCHAMBUZI: Sanaa yarejea shuleni, lakini ngazi ya vyuo ingali na mapengo

JANUARI 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 katika shule za Sekondari Pevu, kila mmoja akiwa na mkondo wake kati ya mitatu iliyowekwa na serikali: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mkondo huo wa tatu ndio uliozua mijadala mikali zaidi mezani pa chakula cha jioni. Chini ya mfumo wa 8-4-4, hakuna kijana wa miaka 15 aliyewahi kuambiwa rasmi kwamba anaweza kuifanya sanaa kuwa shina la masomo yake badala ya tawi la kupambia tu.

Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba takriban asilimia 15 ya wanafunzi wangefuata mkondo huo, asilimia 60 sayansi na asilimia 25 sayansi za jamii. Ndani ya hiyo 15 wamo wanamichezo, wanamuziki, wachezaji ngoma na waigizaji. Wanaotaka kuchora, kuchonga na kufinyanga ni sehemu ndogo ya sehemu hiyo. Hata hivyo, kwa nchi ambayo watahiniwa wa Gredi ya 9 mwaka 2025 walipita milioni moja, sehemu ndogo ni maelfu ya vijana.

Mzazi aliyelelewa akiamini kwamba mtoto mwerevu huwa daktari au mhandisi huuona mkondo wa sanaa kama jaa la waliolemewa na hesabu. Hofu yake ina msingi, ila msingi wenyewe si huo anaoutaja. Kinachopaswa kumkosesha usingizi ni swali la mwaka 2029. Mwanafunzi aliyeingia Gredi ya 10 mwaka huu atamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Mwaka unaofuata atabisha hodi katika chuo cha sanaa. Je, atakuta nini nyuma ya mlango?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulikuja na somo la sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi, nalo lilitahiniwa katika KCPE. Wazazi wa wakati huo wanakumbuka walivyohangaika kutafuta sisali, udongo na magome ya miti ili watoto wafanye kazi za mtihani. Malalamiko yakazidi kwamba masomo yalikuwa mengi na gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaala ulipopunguzwa, sanaa na muziki viliondolewa katika orodha ya masomo yanayotahiniwa.

Kwenye ratiba, somo lilibaki. Darasani, lilikufa. Kila aliyepitia shule ya msingi nchini katika miaka hiyo anajua kwamba kipindi cha sanaa kilikuwa kipindi cha marudio ya hisabati. Katika shule za upili, somo la Sanaa na Usanifu liliendelea kutahiniwa katika KCSE, lakini lilikuwa la hiari na lilipatikana katika shule chache zilizokuwa na mwalimu na chumba. Mwalimu aliyesomea sanaa chuoni alijikuta akifundisha masomo mengine ili asionekane hana kazi.

Hesabu ya matokeo yake ni rahisi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2003 sasa anakaribia miaka 30. Maana yake ni kwamba karibu kila mwalimu kijana anayefundisha leo alipita shule ya msingi bila kufanya hata mtihani mmoja wa sanaa wa kitaifa, na wengi hawajawahi kushika udongo wa mfinyanzi mbele ya mwalimu anayeujua. Huyo ndiye anayetarajiwa kumtayarisha mwanafunzi kwa mkondo wa sanaa. Mambo hayakurahisishwa na uamuzi wa mwaka 2024 wa kupunguza masomo ya Sekondari Msingi, ambapo uchoraji, muziki na michezo viliunganishwa kuwa somo moja la Sanaa Bunifu na Michezo. Mwalimu anayejua sheria za kandanda na anayejua kuchanganya rangi sasa ni mtu mmoja, au angalau ndivyo ratiba inavyodhani.

Pengine hata lugha inachangia dharau hii. Neno msanii, likitajwa leo Nairobi au Mombasa, kwanza humleta akilini mwimbaji. Likitajwa katika siasa, huwa ni tusi: mwanasiasa anayefanya usanii ni yule anayewalaghai wapigakura. Mchoraji na mchongaji wamebakia nyuma ya foleni ya maana za neno lao wenyewe.

Vyuo vya sanaa navyo havieleweki. Watu wengi hudhani chuo cha namna hiyo ni mahali pa kumfunza mtu kuchora vizuri, na kwa kuwa yupo kijana mtaani anayechora vizuri bila kwenda chuo, basi chuo hakina kazi. Lakini majuma ya kwanza ya mafunzo hayahusu uzuri wa picha. Mwanafunzi huwekewa mezani chupa, chungu na kitambaa kilichokunjwa, akaambiwa achore anachokiona. Hunyoosha mkono akiwa ameshika penseli, hufumba jicho moja na kupima urefu wa chupa dhidi ya upana wa chungu. Hugundua kwamba alikuwa akichora chupa iliyomo kichwani mwake, wala si ile iliyo mbele yake. Hufuta, hurudia, hutumia makaa badala ya penseli, hurudia tena. Baada ya miezi kadhaa huanza kuona kivuli ambacho hapo awali hakukijua kuwa kipo.

Kisha huja mwili wa binadamu, nadharia ya rangi, uchapaji wa picha kwa mbao au lino iliyochongwa, uchongaji, ufinyanzi, usanifu wa nguo na historia ya sanaa. Kila kimoja kina ukaidi wake. Chungu ambacho hakikukauka sawasawa hupasuka ndani ya tanuri na kuharibu hata vyungu vya wenzake. Sanamu ya shaba huanza kwa nta, ambayo huyeyushwa na kutoka ili madini yachukue nafasi yake. Kosa dogo katika nta huwa kosa la kudumu katika shaba. Mambo haya hayafundishiki kwa kuandika ubaoni.

Halafu kuna kile kikao ambacho wanafunzi wengi hukiogopa kuliko mtihani wowote. Mwanafunzi hutundika kazi yake ukutani, wenzake na wahadhiri husimama mbele yake, naye huulizwa: kwa nini rangi hii, kwa nini ukubwa huu, na kwa nini tuitazame? Jibu la kwamba alipenda tu halimfikishi mbali. Kipaji huja nacho kutoka nyumbani. Uwezo wa kukihoji kipaji hicho ndio hasa anaoulipia karo.

Na hapo ndipo gharama inapojitokeza. Mhadhiri mmoja wa sheria anaweza kusimama mbele ya wanafunzi 300 akiwa na kipaza sauti. Mhadhiri wa ufinyanzi hawezi kuwatazama watu 300 wakikanda udongo. Anahitaji kikundi kidogo, chumba kikubwa chenye maji na mwanga, tanuri, na saa nyingi. Kwa vyuo vikuu vya umma ambavyo vimelemewa na madeni ya mabilioni ya pesa, idara yenye wanafunzi wachache na mahitaji mengi ni rahisi kuiacha ichakae. Haifungwi kwa tangazo. Rangi huisha na haziagizwi, tanuri huharibika na halitengenezwi, mhadhiri hustaafu na nafasi yake haijazwi.

Eneo hili halikuanza hivyo. Mwaka 1937 Margaret Trowell, mwalimu kutoka Uingereza, alianza kuwafundisha wanafunzi wachache sanaa katika baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Masomo hayo yalikua na kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima. Gregory Maloba, Mkenya kutoka Magharibi, alisoma na kufundisha huko, naye ndiye aliyechonga mnara wa uhuru wa Uganda uliosimamishwa Kampala mwaka 1962, kabla ya kurejea Nairobi kuongoza mafunzo ya usanifu katika chuo kikuu. Sam Ntiro na Elimo Njau walitoka upande wa Kilimanjaro. Njau alichora kuta za kanisa kuu la kumbukumbu huko Murang'a, akimweka Kristo katika mandhari ya Agikuyu, na mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Nairobi kituo cha Paa ya Paa, jina linalocheza na mnyama na kitendo cha kupaa kwa neno lilelile.

Kisa kinachofaa kutazamwa kwa makini zaidi ni cha Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928. Alisoma Makerere kati ya 1950 na 1952, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa huko. Aliporudi Kenya, alipata kazi ya kufundisha shuleni, akaolewa, akalea watoto, na kwa miongo mingi hakukuwa na mahali popote pa kuupeleka ujuzi wake. Alipoirudia sanaa katika miaka ya 1980 akiwa karibu na umri wa miaka 60, hakuwa na pesa za kununua rangi. Alichukua karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga, akazikatakata vipande vidogo na kuvibandika hadi vikawa kuku, ng'ombe na wanawake wa kijijini. Kazi hizo zilimfikisha katika maonyesho ya Studio Museum huko Harlem, New York, mwaka 1990. Alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Kisa hicho husimuliwa kwa kawaida kama ushahidi kwamba kipaji hakizuiliki. Kinaweza pia kusomwa kinyume. Taifa lilikuwa na mtu aliyefunzwa katika chuo bora zaidi cha ukanda huu, likakaa naye zaidi ya miaka 30 bila kumtumia. Picha ambazo Karuga hakuzitengeneza kati ya 1952 na miaka ya 1980 hazimo katika jumba lolote la makumbusho.

Waliomfuata wakafanikiwa zaidi waliondoka. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alianza na michoro ya matangazo hapa nyumbani, akaenda Uingereza mwaka 1971, akasomea Cambridge, Farnham na hatimaye Royal College of Art mjini London. La ajabu ni kwamba chuo cha Uingereza ndicho kilichomrejesha Afrika kujifunza: katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wanawake wanaojenga chungu kwa mkono bila gurudumu. Leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na mwaka 2018 alifanywa mkuu wa University for the Creative Arts, chuo kilichotokana na kile alichosomea Farnham. Wangechi Mutu alisomea Cooper Union na Yale nchini Marekani. Mwaka 2019 sanamu zake 4 za shaba ziliwekwa katika vishubaka vya ukuta wa mbele wa jumba la Metropolitan mjini New York, vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu ukuta huo ulipokamilika mwaka 1902.

Michael Armitage alisomea Slade na shule ya Royal Academy jijini London, na huchora juu ya lubugo, kitambaa cha Uganda kinachotokana na gome la mti. Novemba 2019 mchoro wake mmoja ulinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 1.5 katika mnada wa Sotheby's, New York. Bei kama hiyo hupendwa sana na vyombo vya habari, nayo huwapotosha vijana kama vile mshahara wa mwanasoka wa Ulaya unavyompotosha mtoto anayecheza mpira wa makaratasi. Jambo la maana zaidi alilolifanya Armitage kwa vijana hao ni kuanzisha taasisi ya sanaa ya kisasa Nairobi, NCAI, mwaka 2020, ambayo huonyesha na kuhifadhi historia ya wasanii wa ukanda huu.

Taasisi hiyo ilimwandalia maonyesho makubwa Sane Wadu, na kutajwa kwake kunaleta hoja ya upande wa pili, hoja nzito. Wadu alikuwa mwalimu wa shule aliyeacha kazi akaanza kuchora bila kupitia chuo chochote cha sanaa. Yeye na wenzake wa Ngecha, Kaunti ya Kiambu, walijifunza kwa kutazamana na kukosoana, na kazi zao zikauzwa kupitia Gallery Watatu, Nairobi. Cyrus Kabiru, anayetengeneza miwani ya ajabu kwa takataka za mtaani, naye hakupitia chuo. Kuona Trust, iliyoanzishwa mwaka 1995, GoDown Arts Centre iliyofunguliwa 2003, na karakana za wasanii katika Makumbusho ya Reli zimefanya kazi ambayo vyuo vilipaswa kuifanya: kutoa chumba, vifaa, na mwenzako wa kukuambia kazi yako bado.

Je, hilo linamaanisha vyuo havihitajiki? Tazama tena walichokifanya watu wa Ngecha. Waliunda kikao cha uhakiki bila kukiita hivyo. Walijijengea chuo kwa kuwa hawakupewa. Na kwa kila kikundi kilichofaulu kufanya hivyo karibu na soko la Nairobi, kuna vijana wa Garissa, Kitui au Busia waliokuwa mbali mno na karakana yoyote.

Ndani ya nchi, njia iliyopo ni nyembamba, japo haijafungwa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefunza walimu na wasanii kwa miongo mingi. Chuo cha Sanaa cha Buruburu kimetoa wasanii wanaojulikana, miongoni mwao Beatrice Wanjiku, na Michael Soi, anayechekesha na kuudhi kwa picha zake za siasa na maisha ya usiku, alifunzwa katika Creative Arts Centre jijini Nairobi. Wengi wa wahitimu hawaishi kwa kuuza picha za ukutani. Wamo katika matangazo, filamu, mitindo, uhuishaji, ualimu. Soko la picha lenyewe limekua: mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki umekuwa ukifanyika Nairobi tangu 2013, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019 yalimpa msanii haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena.

Kuna pia akili unde. Programu inayotoa mchoro wa tangazo kwa sekunde chache tayari inazila kazi ndogondogo ambazo zilikuwa zikimlipia kijana kodi ya nyumba baada ya chuo. Chuo kinachofunza ustadi wa kutumia kompyuta pekee kitakuwa kinawatayarisha vijana kwa kazi zinazotoweka. Kile kikao cha maswali mbele ya ukuta, ambacho kilionekana cha anasa, huenda kikawa ndicho chenye thamani ya kudumu zaidi.

Gharama ya kupuuza haya yote imeshaonekana hadharani. Mwaka 2013, na tena 2015, banda lililoitwa la Kenya katika maonyesho ya Venice, Italia, lilijaa kazi za wasanii wa kigeni, wengi wao Wachina. Wasanii wa Kenya walipiga kelele, na mwaka 2015 waziri wa utamaduni wa wakati huo, Hassan Wario, akalikana banda hilo. Mutu alikuwa katika maonyesho makuu ya Venice mwaka huohuo, kwa mwaliko wa waandalizi. Kenya ilikuwa na msanii wa kutosha kualikwa na dunia, na wakati uleule haikuwa na ofisi iliyojua ni nani anayetumia jina lake.

Pengo la walimu haliwezi kuzibwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kwa njia ya kawaida, kwa kuwa wahitimu wa kutosha hawapo. Lakini ujuzi upo. Wamunyu kuna wachongaji ambao baba na babu zao walichonga. Tabaka, Kisii, mawe ya sabuni hugeuzwa sanamu na familia nzima. Lamu kuna mafundi wa milango ya nakshi. Hawa hawana shahada, na kwa kanuni za sasa hawawezi kuajiriwa kumfunza mwanafunzi wa Gredi ya 10 kile wanachokijua kuliko mwalimu yeyote. Serikali imekubali kisera kwamba ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kupimwa na kupewa cheti. Haijafafanuliwa vipi fundi wa Wamunyu mwenye cheti hicho atalipwa kwa saa anazofundisha, na shule ipi itamlipa.

Vyuo vya kiufundi, ambavyo sasa viko karibu kila eneobunge, vina karakana za useremala, uchomeleaji na ushonaji. Mchongaji anahitaji mbili za kwanza, msanii wa nguo anahitaji ya tatu. Kuongeza tanuri na mhadhiri katika vyuo vichache vilivyoteuliwa ni rahisi kuliko kujenga chuo kipya cha sanaa kuanzia msingi, ingawa jiwe la msingi ndilo linalopendwa na wanasiasa.

Kati ya sasa na siku ambayo wanafunzi hao wa kwanza watatuma maombi ya vyuo, Bunge litapitisha bajeti 3: ya 2026/27, ya 2027/28 na ya 2028/29. Mafunzo ya mwalimu wa shahada huchukua miaka 4, kwa hiyo kwa kundi hili la kwanza wakati huo umeshapita. Tanuri la ufinyanzi likiagizwa leo laweza kuwa linawaka kabla ya mwaka kwisha.